Ardhi Inayonyonya, Ardhi Inayosukuma

Watu wengi waliofika Husuni Kubwa, katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani, hurudi na habari ya kitu kimoja kabla ya vingine: birika la kuogea lenye pande nane. Kuta za kasri zimeanguka, kuba zimetoweka, kumbi zimebaki misingi. Lakini birika liko palepale, na umbo lake lasomeka kama alivyolikusudia mwashi wake katika karne ya 14. Mgeni husimama ukingoni, akamfikiria sultani na maji na kivuli cha alasiri, kisha akaenda zake. Ni wachache waulizao swali ambalo yamkini mwashi alijiuliza kabla ya jiwe la kwanza: chini yake pana nini, na maji yatatoka wapi na kwenda wapi?

Swali hilo ndilo historia yenyewe. Nyumba hukaa juu ya ardhi, birika hukaa ndani yake, na kwa hiyo hushindana nayo kutoka kila upande. Pwani ya Waswahili na visiwa vyake vina ardhi za tabia mbili. Iko ardhi inayonyonya, nayo ni mwamba wa matumbawe ya kale, wenye matundu na nyufa, ambao mvua ikinyesha asubuhi huwa imekwisha kuumeza kabla ya adhuhuri. Na iko ardhi inayosukuma, udongo mzito wa mabondeni ambao wakulima wa Unguja huuita kinamo, unaoshika maji, ukavimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Katika ardhi ya kwanza, birika huvuja kwa ndani kwenda nje. Katika ya pili, maji ya nje hutafuta njia ya kuingia ndani, au hulibeba birika zima. Mafundi wa zamani walizijua ardhi zote mbili, na hilo laonekana zaidi katika yale waliyoyafukia kuliko katika yale waliyoyapamba.

Husuni Kubwa imejengwa juu ya jabali lielekealo bahari, kando ya mji wa Kilwa. Ujenzi wake unanasibishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aitwaye Abu al-Mawahib, yaani mwenye kutoa vipawa. Ibn Battuta alipotia nanga Kilwa mwaka 1331 alimkuta sultani huyo, akasifu ukarimu wake. La ajabu ni kwamba msafiri huyo, aliyezoea kuyaangalia majumba ya wafalme, hakuandika lolote juu ya kasri. Aliandika kwamba nyumba za mji zilikuwa za miti. Kasri halikukaliwa kwa muda mrefu, na sehemu zake hazikumalizika. Mwanaakiolojia Neville Chittick ndiye aliyelifukua, na kitabu chake kikubwa juu ya Kilwa kilitoka mwaka 1974.

Hapo jabalini adui alikuwa ardhi inyonyayo. Maji hayahitaji kualikwa yaingie kwenye matumbawe. Birika lililochimbwa katika mwamba wa namna hiyo likiachwa bila kitako cha kutosha, huwa ni chujio. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya fundi haikuwa kuchonga kingo bali kuziba. Mapango na nyufa zilizojitokeza wakati wa kuchimba hujazwa kifusi cha mawe na chokaa. Kitako hushindiliwa tabaka kwa tabaka. Kuta hupandishwa nene, na nyuma yake pasiachwe uwazi wa maji kupita. Juu ya hayo ndipo huja lipu laini, na mwisho niru.

Katika Kilwa tatizo la pili lilikuwa zito kuliko la kwanza. Kwa kadiri magofu yanavyoonesha, hapakuwa na mfereji wa kupandisha maji mpaka birikani. Yalitekwa kisimani na kubebwa. Msomaji na afanye hesabu ndogo, si ya birika lile bali ya lolote la wastani. Birika lenye urefu wa mita 5, upana wa mita 5 na maji ya kina cha mita 1 humeza lita 25,000. Ikiwa mtungi mmoja ni lita 15, hizo ni safari zaidi ya 1,600 kati ya kisima na ukingo, na baada ya hapo jua, upepo na ufa usioonekana huanza kupunguza kilichojazwa. Wale waliobeba hawatajwi katika maandishi yoyote ya Kilwa. Jina la sultani lilichongwa katika jiwe, na kipande cha jiwe hilo kilipatikana wakati wa kufukua. Uzuri wa birika la pande nane hauwezi kutenganishwa na jambo hilo: ulikuwa uzuri wa kuonesha kwamba mwenyewe anaweza kuyaweka maji mahali ambapo maji hayakai.

Ufundi wa kuziba hata hivyo haukuanzia kwenye kasri. Ulikuwa umekomaa misikitini. Msikiti wa zamani wa pwani hauachi kuwa na kisima, birika la kutawadhia, na njia ya kutolea maji yaliyotumika. Ukumbi wa sala waweza kuwa mdogo na mtupu, lakini mambo hayo matatu yamo. Birika la msikiti ni dogo, hutumika mara tano kwa siku, na likivuja jamaa nzima hujua. Humo ndimo waashi walimojifunza. Katika mabirika ya Lamu na kwingineko, katikati ya sakafu ya birika huonekana bakuli la kauri la Kichina lililozamishwa kwenye chokaa. Wengi hulichukua kuwa ni pambo, na ni pambo kweli. Lakini pia ni mahali pa chini kabisa pa birika, ambapo tope hutuama na kuchotwa. Watu wa Lamu walifuga visamaki birikani vile viluwiluwi vya mbu, na birika linapokaushwa ili lisuguliwe, visamaki hupata maji yao ndani ya bakuli mpaka lijazwe tena. Ni shida kupata mfano bora wa kitu kimoja kufanya kazi tatu.

Mji wa Gedi, karibu na Malindi, wafundisha upande mwingine wa elimu hiyo. Nyumba zake za mawe, alizozifukua James Kirkman kuanzia mwaka 1948, zina nyua zilizochimbwa chini kuliko usawa wa vyumba. Ua wa namna hiyo ni birika asiyetaka mtu lijae. Mvua ya masika ikimwagika kutoka juu ya dari ingeugeuza kuwa dimbwi, na dimbwi lingekula misingi. Dawa yake ilikuwa shimo la kunyonya maji lililochimbwa mpaka kwenye mwamba. Mwamba ule ule ambao mwenye birika aliulaani kwa kuvuja, mwenye ua aliushukuru. Kwa hakika hakuna ardhi mbaya kwa fundi; kuna ardhi ambayo hakuiuliza.

Hapa pafaa kusimama kidogo kwenye maneno, kwa kuwa msamiati wa kazi hii umehifadhi safari zake. Birika na hamamu ni maneno ya Kiarabu, na niru vilevile, kutoka neno la chokaa. Sakafu nayo ni ya Kiarabu, ila kwa Mwarabu sakfu ni paa, kitu kilicho juu ya kichwa. Mswahili aliichukua akaiweka chini ya miguu. Pengine sababu ni kwamba katika nyumba ya ghorofa paa la chini ndilo sakafu ya juu, tena vyote viwili viliundwa kwa mkono mmoja na kwa vitu vilevile: boriti, mawe, kifusi na chokaa iliyopondwa. Kisima ni neno la Kibantu. Kwa lugha hiyo, kuchimba ni kwetu na kuzungushia kingo ni kwa kuazima. Lakini etimolojia ni shahidi mwepesi, na asiaminiwe peke yake.

Chokaa yenyewe ilitoka baharini. Matumbawe na mawe ya pwani yalichomwa katika tanuu la wazi: magogo hupangwa kwa mduara, tabaka juu ya tabaka, katikati likaachwa tundu la kutilia moto, na juu yake hurundikwa mawe. Baada ya moto kuzimika, rundo jeupe huachwa linyeshewe na mvua na umande. Hapo palihitajika subira kuliko nguvu. Chokaa iliyozimwa kwa haraka huwa na punje ambazo hazijafa. Hutumika leo, na baada ya miezi punje hizo huvimba ndani ya lipu na kuirusha vipande vipande. Katika ukuta wa sebule hiyo ni aibu. Katika birika ni tundu.

Kisha kulikuwa na kuponda. Kitako cha birika, kama sakafu ya nyumba, kilimwagwa kokoto na chokaa, na wapondaji wakasimama safu wakipiga kwa miti mizito, siku baada ya siku, maji yakinyunyizwa, mpaka mchanganyiko ukabana na sauti ya kipigo ikabadilika. Kazi hiyo ilifanywa kwa nyimbo. Wapenzi wa ushairi hupenda kuhesabu nyimbo za kazi katika mlango wa burudani, jambo ambalo ni kuzipunja. Mapigo yasiyolingana huacha mahali palipobana na mahali palipolegea, na maji hupita palipolegea. Mizani ya wimbo ilikuwa sehemu ya ujenzi sawa na chokaa. Tungo nyingi za sakafu zimepotea pamoja na wapondaji, na sakafu zenyewe bado zashika maji.

Chokaa tupu ina kasoro ambayo kila mjenzi wa birika hukutana nayo: hukauka kwa kuvuta hewa, na mahali pasipo hewa hubaki laini. Waomani, ambao mifereji yao ya falaji ilipaswa kubeba maji mwaka mzima chini ya milima na mashamba, walitumia saruji ya kwao, udongo uliochomwa, ukasagwa na kuchanganywa na chokaa. Mchanganyiko huo hushikana hata katika unyevu. Waajemi walikuwa na mfano wake kwa ajili ya matangi na hamamu. Waswahili waliipa saruji maana ya simenti ya kiwandani, lakini neno lilikuwako kabla ya kiwanda. Unguja, mafundi walitia udongo mwekundu katika chokaa na mchanga, na kuta za Mji Mkongwe ziliinuliwa hivyo.

Ndipo historia yahamia Unguja, na ardhi yabadilika. Upande wa mashariki wa kisiwa ni uwanda, mwamba wa matumbawe kama wa Kilwa. Upande wa magharibi una vilima, udongo mwekundu, mabonde ya kinamo, vijito na chemchemi. Seyyid Said bin Sultan alipoihamishia Unguja makao ya dola yake, hakujenga kasri lake la kwanza kwenye jabali bali Mtoni, na jina latosha kueleza sababu. Maji yalikuwapo tayari, yakiteremka. Binti yake Salme, ambaye baadaye alijulikana kama Emily Ruete, alizaliwa katika jumba hilo, na katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 ameyaeleza mabafu ya Mtoni kwa mapenzi makubwa: safu ya nyumba za kuogea mwishoni mwa ua, ambako watu wa kasri walikaa kwa saa nyingi, si kuoga tu. Kati ya birika la Kilwa na mabafu ya Mtoni pana tofauti kubwa ya fikra. Kilwa maji yaliletwa kwa jengo. Mtoni jengo lililetwa kwa maji.

Lakini bonde lenye maji lina bei yake. Kuchimba birika mahali ambapo mita moja au mbili chini pana maji ni kujenga chombo, si shimo. Likiwa limejaa, uzito wa maji ya ndani hujibu msukumo wa maji ya nje, na vyote hutulia. Hatari huja siku ya kusafisha. Birika likikaushwa katikati ya masika, ardhi ya pembeni ikiwa imelowa mpaka juu, maji ya chini huanza kuinua kitako. Jengo jepesi huelea kama mashua iliyozikwa; jengo dhaifu hupasuka katikati, na maji machafu ya ardhi yakachomoza pale palipokuwa na niru. Mafundi wa leo hutandika kokoto chini ya kitako, wakaweka bomba lenye matundu na shimo la kuvuta maji kwa pampu, na wengine hutia kizibo kinachofunguka chenyewe msukumo unapozidi. Mafundi wa karne ya 19 hawakuwa na pampu ya namna hiyo. Walikuwa na vitu vitatu: uzito wa kuta nene, mteremko, na kalenda. Birika husafishwa wakati wa kiangazi, na maji ya kuzunguka jengo hupewa mfereji wa kwenda bondeni kabla hayajapata wazo la kwenda kwingine.

Hamamu ya Kidichi, iliyojengwa mwaka 1850, yaonesha ufumbuzi wa tatu, nao ni kupanda mlimani. Seyyid Said aliijenga kwa ajili ya mkewe Shahrzad, mjukuu wa Fath Ali Shah wa Uajemi, katikati ya mashamba ya karafuu, kwenye mojawapo ya sehemu za juu kabisa za kisiwa. Waandishi karibu wote huishia kwenye lipu yake, na si ajabu, kwa sababu ndani ya nyumba ya mtawala wa Kiibadhi kuna ndege na maua ya chokaa yaliyofinyangwa kwa mtindo wa Kiajemi. Wakishasema hayo hufunga mlango. Wangetazama chini wangeona kuwa kilima ndicho kilichoyahifadhi hayo mapambo. Mahali pa juu maji ya ardhi hayasukumi. Mvua huondoka yenyewe pande zote. Maji ya kuogea yakishatumika huteremka bila kusukumwa. Shida iliyobaki ni ile ya Kilwa, ya kuyafikisha juu, na jibu lake lilikuwa lilelile: migongo ya watu. Mwaka 1850 mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa. Biashara ya watumwa ya baharini haikupigwa marufuku katika dola ya Unguja mpaka mkataba wa 1873, na hadhi ya utumwa haikufutwa kisheria mpaka 1897. Shahrzad hatimaye alirudi kwao. Waliochimba na kuteka walibaki mashambani.

Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye mtawala aliyeyafikiria maji kwa upana kuliko wote. Alipanda kitini mji ukiwa umetoka kuuguzwa na kipindupindu cha 1869 na 1870, maradhi ambayo tabibu James Christie, aliyekuwapo Unguja, aliyaandikia kitabu mwaka 1876. Mji wa Unguja wakati huo uliishi kwa visima vyake, na visima vilichimbwa jirani na makaro ya vyoo, katika mchanga na matumbawe yasiyokataa kitu. Ardhi inayonyonya haibagui kati ya maji ya karo na maji ya mvua. Barghash aliuletea mji maji ya chemchemi kwa mifereji na mabomba kutoka nje ya mji. Kazi hiyo haina kuba wala nakshi ya kupigiwa picha, na kwa sababu hiyo husifiwa kwa sentensi moja katika vitabu, baada ya kurasa nyingi za Beit al-Ajaib. Kipimo hicho kimepinduka. Nyumba ya maajabu ilistaajabisha. Mfereji uliokoa roho.

Hamamu za mjini, zilizoipa mtaa wa Hamamni jina lake, ni tunda la maji hayo. Alizijenga fundi Haji Gulamhussein kwa amri ya Barghash, ziwe za umma, zikatumika mpaka karibu mwaka 1920. Hamamu ya Kiajemi ina ulimwengu mzima chini ya sakafu: tanuru, na njia za moshi na joto zinazopita chini ya mawe, ambazo Waajemi huziita kwa jina la kuchekesha, mapito ya paka. Mwashi wa hamamu kwa hiyo hutayarisha ardhi mara mbili, mara moja kwa ajili ya moto na mara ya pili kwa ajili ya maji, na vyote viwili haviruhusiwi kukutana. Sakafu huteremshwa kidogo kidogo kuelekea kwenye mchirizi. Mteremko ukiwa mdogo mno maji hutuama na kuvunda. Ukizidi, mwenye kuoga huteleza. Kati ya hayo mawili pana upana wa kidole, na fundi aliupima kwa kumimina maji na kuyatazama yakienda.

Mji wa Unguja uliongeza shida ambayo Kidichi haikuijua. Maji machafu ya mji wa rasi hayana kwa kwenda ila baharini, na bahari ya Unguja hupanda. Wakati wa bamvua kubwa tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hufika takriban mita 4. Mdomo wa mfereji ukiwekwa chini kuliko maji makuu, bahari huingia mara mbili kwa siku na kuyarudisha yaliyotupwa. Ukiwekwa juu sana, mfereji wote hukosa mteremko. Kila mhandisi aliyepewa kazi ya kukausha mji huo, tangu zama za masultani, ameanza kwa jedwali la maji kupwa na kujaa, au amejuta.

Maruhubi, kasri ambalo Barghash alilijenga pwani kaskazini ya mji na kulimaliza mwaka 1882, liliungua mwaka 1899. Moto ulikula ghorofa za mbao, na marumaru yakachukuliwa. Kilichobaki ni nguzo, nyumba ya kuogea, mifereji ya kuletea maji, na mabirika yenye mayungiyungi. Mtu asiyejua angedhani Barghash alijenga hamamu yenye kasri dogo pembeni.

Kinachoyaua majengo haya siku hizi si moto. Ni huruma isiyo na elimu. Tangu simenti iwe rahisi kuliko chokaa iliyolazwa kwa miezi, nyufa za mabirika na kuta za kale zimezibwa kwa simenti. Ukuta wa matumbawe hupumua; unyevu huingia kutoka ardhini na kutoka kupitia lipu. Simenti huufunga mlango. Unyevu hubaki ndani ukiwa na chumvi yake, chumvi hukauka na kuwa punje, punje husukuma, na baada ya masika machache lipu mpya hutoka na ngozi ya jiwe la kale ikiwa imegandamana nayo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyomo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, yaliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kutolewa mwaka 2014. Miongoni mwa yaliyoyatishia ni maji: mvua iliyokosa njia, na mawimbi yaliyokula ufuo. Waliokwenda kuyanusuru ilibidi waanze pale alipoanzia mwashi wa kwanza, kwa kuiuliza ardhi maji yanapita wapi.

Nao uwanda wa mashariki ya Unguja, ulioachwa na masultani kwa kuwa haukuwa na chemchemi, ndio uliochimbwa mabwawa ya kuogelea kuliko sehemu yoyote ya kisiwa tangu hoteli za kitalii zianze kuenea katika miaka ya 1990. Maji matamu huko hukaa kama utando mwembamba juu ya maji ya chumvi, ndani ya mwamba. Yakivutwa kwa kasi kuliko mvua inavyoyarudisha, chumvi hupanda. Utafiti wa Stefan Gössling, uliochapishwa mwaka 2001, ulikadiria kwamba mgeni mmoja wa hoteli katika eneo hilo alitumia wastani wa lita 685 kwa siku, nyingi zikienda kwenye bustani, vyoo, mifereji ya kuogea na mabwawa. Pampu imechukua nafasi ya mitungi 1,600, na hapana anayeuona tena msafara wa wachukuzi. Kitako ni cha zege lenye vyuma, juu yake utando usiopitisha maji na vigae vya samawati. Kuvuja kumepungua sana. Lakini chujio la bwawa huoshwa kwa kusukumiwa maji kinyumenyume, na maji hayo, yenye tope na dawa, hutafutiwa njia. Fundi akikosa mahali pa kuyapeleka huyachimbia karo uani, na karo la uwandani hufika kwenye mwamba uleule ambao kijiji cha jirani kimetoboa kisima chake.